Nani alikarabati mwisho? Kuzunguka majumba ya kale ya Vlaams-Brabant

Watu wakija Ubelgiji kutembea wengi wanakimbilia Brugge, wanapanda boti kwenye mfereji, wananunua chokoleti, picha mbili tatu, wanarudi zao Paris. Sio vibaya, Brugge ni kuzuri. Ila mi naishi Leuven, na huku kwetu ni mkoa wa Vlaams-Brabant, mkoa ambao umeizunguka Brussels pande zote na wageni huupita kwa treni huku wanachati, hata dirishani hawaangalii. Mkoa wenyewe ni wa juzi tu, 1995 ndo waliigawa Brabant ya zamani, Waflemi (Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi) huku, wanaoongea Kifaransa kule, Brussels ikabaki katikati peke yake. Lakini ndani yake kuna makasri, kuna mtaa mzima wa wanawake waliokuwa kama masista ila sio masista (ntaeleza), kuna maktaba iliyoungua mara mbili, na kuna lile jumba la Tervuren ambalo sisi watu wa Kiswahili tuna kesi nalo.

Mzee wangu alikuwa fundi mwashi, kwa hiyo nikiingia kwenye jumba la kale macho yanaenda ukutani kwanza, naangalia viungo vya tofali, naangalia plasta. Kila mtu huuliza jumba limejengwa lini. Mi nauliza nani alilikarabati mwisho na hela ilitoka wapi. Jaribu na wewe uone mtu wa mapokezi anavyochangamka. Na huku Vlaams-Brabant hilo swali linafungua mengi kweli, maana karibu kila kitu unachokiona ukasema "duh, cha kale" kimeshaguswa, kimebomolewa, kimejengwa tena, afu kikapakwa ukale.

Anza na stadhuis ya Leuven, yaani ofisi ya jiji, pale Grote Markt, uwanja mkuu wa mji. Ujenzi ulimalizika 1469, gothiki ya kujionyesha hasa, kila sentimita ya ukuta imechongwa, na kwenye mashubaka ya ukutani kuna sanamu 236, watawala, wasomi, watakatifu, wamejipanga mpaka juu. Ukiambiwa jengo la karne ya 15 unadhani na hao jamaa ni wa karne ya 15. Wapi! Mashubaka yalikaa matupu karibu miaka mia nne, sanamu zimeanza kuwekwa baada ya 1850. Ubelgiji ilikuwa imepata uhuru 1830, nchi changa inatafuta mababu haraka haraka, basi mafundi wakapewa kazi. Ukuta ni wa enzi ya wafanyabiashara wa nguo, wakazi wake ni wa enzi ya garimoshi. Mi hilo halinipunguzii raha hata kidogo, tena linaniongezea.

Mkabala na hapo ni kanisa la Sint-Pieter, na humu usipite haraka. Kuna mchoro wa Dirk Bouts wa Karamu ya Mwisho, kauchora kati ya 1464 na 1468, na upo kanisani humo humo ulikotakiwa kuwa, jambo ambalo ni adimu maana michoro mingi ya hivi utaikuta makumbusho mbali na kwao. Yesu na wanafunzi wamekaa kwenye chumba cha Kiflemi kabisa, vigae vya sakafuni vya huku huku, dirishani unaona mji. Sasa zile mbao za pembeni za mchoro zina safari yake. Ziliuzwa zikaenda Ujerumani, baada ya Vita ya Kwanza mkataba wa Versailles ukasema zirudi, zikarudi, halafu 1942 Wanazi wakaja kuzichukua tena, vita ikaisha zikarudi tena. Mbao zile zile! Shikilia hili la vitu kurudishwa kwa mkataba, tutalihitaji tukifika Tervuren.

Maktaba ya chuo kikuu ndo kitu ninachowapeleka wageni wote wapende wasipende. Iko Ladeuzeplein, huwezi kuikosa, mbele yake kuna sindano kubwa imesimama mita 23 na mende wa kijani kachomwa juu yake, kazi ya msanii Jan Fabre, watoto wanaipenda, wakubwa wanakunja uso. Maktaba ya mwanzo haikuwa hapa, ilikuwa kwenye Lakenhal, ghala la zamani la wauza nguo kule Naamsestraat. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914 wanajeshi wa Kijerumani waliichoma moto. Vitabu kama laki tatu, miswada ya mkono, vyote majivu. Dunia nzima ikapiga kelele, na Wamarekani wakaanza kuchangishana, mashule, vyuo, polisi, watu wa kila aina, wakamleta msanifu wao wa New York, Whitney Warren, akajenga hii mpya ambayo ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1928, sikukuu ya uhuru wao, hawakuficha. Kaijenga kwa mtindo wa Kiflemi wa karne ya 17. Kwa hiyo jengo linaloonekana la Kiflemi kupita yote mjini limechorwa na Mmarekani, na ukisogea karibu na ukuta utaona mawe yamechongwa majina ya shule na vyuo vya Marekani vilivyotoa hela. Ni ile michango yetu ya harusi na kadi ya majina, ila hii imechongwa kwenye jiwe.

Afu kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu maandishi. Warren alitaka kuchonga pale mbele kwa Kilatini kwamba maktaba imebomolewa kwa ghadhabu ya Wajerumani na kujengwa upya kwa zawadi ya Marekani. Mkuu wa chuo akasema hapana, sisi ni chuo, tunataka kuanza kuongea na wenzetu wa Ujerumani, hatuwezi kuandika matusi juu ya mlango. Kesi mpaka mahakamani, watu wakavunja nguzo za ukingo wa juu kwa hasira. Maneno hayakuwekwa. Na mwezi Mei 1940 Wajerumani wakarudi na maktaba ikaungua mara ya pili, safari hii vitabu kama laki tisa. Ikajengwa tena kwa ramani ile ile ya Warren.

Unadhani yameisha? 1968 Waflemi na wanaoongea Kifaransa wakashindwa kukaa chuo kimoja, chuo kikagawanywa, na vitabu navyo vikagawanywa, namba witiri zikabaki huku, namba shufwa zikaenda kwenye chuo kipya kule Louvain-la-Neuve. Vitabu vilivyonusurika moto vikaja kuachanishwa na hesabu. Kuna mwenzangu mmoja wa Bukavu anasoma hapa, nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akasema "hawa batu bako sawa na sisi kabisa". Panda mnara, kila ghorofa kuna maonyesho kidogo ya hii historia, na juu kabisa unaona mji wote. Kengele zikianza kupigwa ukiwa mle ndani masikio yatakusimulia, ila ni raha.

Kutoka hapo ushuke kwa miguu mpaka Groot Begijnhof. Hapa ndo wale wanawake. Mabegijn walikuwa wanawake wa dini walioishi pamoja lakini hawakuweka nadhiri za maisha, mtu alikuwa na mali yake, anafanya kazi yake, kusuka, kufua, kufundisha watoto, kuuguza wagonjwa, na akitaka kuondoka na kuolewa anaondoka. Fikiria karne ya 13 hiyo. Leuven walianza enzi hizo, ila nyumba nyingi unazoziona ni za karne ya 17, matofali mekundu, madirisha ya mawe meupe, mto Dijle unapita katikati na vidaraja vyake. Karibu nyumba mia moja. Kwenye miaka ya 1950 mahali hapa palikuwa pamechoka vibaya, wanaishi maskini na wazee, mali ya ofisi ya ustawi wa jamii, na 1962 chuo kikainunua yote kwa mpigo. Aliyesimamia ukarabati ni profesa Raymond Lemaire, huyu ndo mmoja wa waandishi wa lile Azimio la Venice la 1964 ambalo wakarabati wa majengo ya kale duniani bado wanalishika kama msahafu. 1998 UNESCO wakaiweka kwenye orodha pamoja na begijnhof nyingine 12 za Flanders.

Ninachoipendea ni kwamba hamna tiketi, hamna geti, watu wanaishi. Wanafunzi na maprofesa wageni ndo wapangaji. Unapita unasikia mtu anakaanga vitunguu, baiskeli zimeegemea ukuta wa 1650, nguo zimeanikwa ndani ya dirisha. Nina marafiki wa Kitanzania wamewahi kupangiwa humo wakasoma udaktari wa falsafa, wanalalamika dari liko chini na ngazi ni za kujikunja, ila picha walizotuma nyumbani hakuna aliyelalamika. Begijn wa mwisho duniani, Marcella Pattyn, alifariki Kortrijk Aprili 2013. Kwa hiyo ni maisha ambayo mtu wa umri wangu angeweza kumkuta mwenyewe akamsalimia.

M Leuven ntaipita haraka. Ni makumbusho ya sanaa, jengo jipya la 2009 la msanifu Stéphane Beel, limefungwa pamoja na nyumba ya zamani ya meya mmoja wa karne ya 19, Vander Kelen-Mertens, ambayo mwanawe aliipa jiji 1917. Vyumba vya huyo meya kila kimoja kina mtindo wake wa enzi nyingine, matajiri wa karne ile walipenda kula chakula cha mchana kwenye karne moja na kunywa kahawa kwenye nyingine. Panda paa la juu, kuna mandhari. Basi.

Sasa tuvuke upande wa pili wa Brussels, magharibi, Pajottenland. Ni vilima vya kijani, ng'ombe, mipopla, na bia yao ya chachu ya hewani wanaiita lambiek. Huku usianze na Kifaransa hata kama tramu uliyoshuka dakika chache nyuma ilikuwa inatangaza kwa Kifaransa, jikaze na "goeiedag" yako ya kuvunja vunja, watakuchekea vizuri afu wenyewe wahamie Kiingereza. Kasri ya Gaasbeek iko juu ya kilima, Lennik, na basi la De Lijn linakushusha kisha unatembea.

Gaasbeek ndo mfalme wa hili swali langu la ukarabati. Kulikuwa na ngome hapa tangu karne ya 13, watu wa Brussels wakaja kuibomoa 1388 kwa hasira, maana bwana wa Gaasbeek alihusishwa na kuuawa kwa Everard t'Serclaes, shujaa wao, yule ambaye sanamu yake iko karibu na Grote Markt ya Brussels watalii wanaisugua mkono wapate bahati. Ikajengwa tena. 1565 ikanunuliwa na Lamoral, kabaila mwenye cheo cha "count" wa Egmont, ambaye Wahispania walimkata kichwa tarehe 5 Juni 1568 palepale Grote Markt. Hao ni wenye majina makubwa. Lakini kasri unayoingia leo, na vyumba vyake vya giza, mbao zilizochongwa, mazulia ya ukutani, meko ambayo unaweza kusimama ndani yake, hiyo ni kazi ya mwanamke mmoja wa mwishoni mwa karne ya 19.

Marie Peyrat alikuwa binti wa mwandishi wa habari wa Paris, mtu wa siasa za jamhuri, hela hana. Akaolewa 1873 na Marki Arconati Visconti wa Italia, tajiri kupita kiasi, na baada ya miaka mitatu marki akafa. Mjane kijana, mali yote yake. Akamwita msanifu-mpambaji Charle-Albert, na kuanzia 1887 wakaigeuza kasri iwe vile yeye alivyoona ngome ya kale inatakiwa kuwa. Minara, maboma, vyumba vya mashujaa. Alipenda kuvaa kama kijana wa kiume wa enzi ya Renaissance, suruali ya kubana na kofia ya manyoya, apokee wageni wake hivyo. 1921 akaitoa kasri na vitu vyake vyote kwa serikali ya Ubelgiji, akafariki 1923, na mwaka uliofuata wakafungua milango kwa watu.

Kuna watu nimewasikia humo ndani wakinong'ona "aah kumbe feki". Feki kitu gani? Mazulia ni ya kweli, samani nyingi ni za kweli, ila zimepangwa kwa ndoto ya mtu. Mi naona ni kasri ya kweli kabisa ya miaka ya 1890, na ingekuwa bahati mbaya sana kama angekuja fundi mwenye bidii akasema tuondoe yote hii turudishe ya Egmont. Walipofunga juzi kati kwa ukarabati mkubwa wakafungua tena 2023, hawakumfuta, Marie ndo bado mwenye nyumba. Wakati mwingine nikiangalia haya namkumbuka Beit al-Ajaib wetu pale Forodhani, jumba la Sultan Barghash la 1883, lilivyoanguka upande Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini ndani na watu wawili wakafa, na ubishi unaofuata ni ule ule, unarudisha ya mwaka gani.

Ukishatoka Gaasbeek na una baiskeli, shuka mpaka Sint-Anna-Pede, kijiji kidogo, kanisa dogo. Hilo kanisa liko kwenye mchoro wa Pieter Bruegel wa vipofu wanaoongozana kuangukia mtaroni, kauchora 1568, mwaka ule ule Egmont anakatwa kichwa. Mchoro wenyewe uko Naples, lakini kanisa liko hapo, halijahama, na mtaro ukiutafuta utaupata. Pale karibu unapata mkate na plattekaas, jibini laini jeupe na figili juu. Mwenzangu wa Bukavu aliuliza pilipili iko wapi.

Tervuren sasa. Hapa nilimpeleka shangazi yangu alipokuja kututembelea, yeye ni mtu wa Sumbawanga, mwalimu mstaafu, si mtu wa kutishika. Tulipanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, na mi nawaambia hata kama hutaki makumbusho panda hiyo tramu tu, inapita barabara ya Tervuren afu inaingia msituni, msitu wa Zoniën, miti mirefu huku na huku, mpaka mwisho wa reli. Barabara na reli vyote ni vya 1897. Kwa nini 1897? Kwa sababu mfalme Leopold II alitaka watu waende kuona maonyesho yake ya Kongo.

Hapo Tervuren kulikuwa na nyumba ya kifalme alimokuwa anaishi dada yake Leopold, Charlotte, ntamrudia. Ikaungua 1879. Kwenye kiwanja hicho hicho ndo wakajenga Kasri la Makoloni kwa ajili ya maonyesho ya 1897, na nje kwenye bustani, kando ya bwawa, wakajenga vijiji vya kuigiza na kuwaweka Wakongo 267 walioletwa kwa meli, watu waje kuwatazama. Watu zaidi ya milioni walikuja. Wakongo saba walikufa pale. Majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Sambo, Mibange. Makaburi yako ubavuni mwa kanisa la Sint-Jan-Evangelist, mwendo mfupi tu kutoka makumbusho, nendeni kwanza pale kabla ya kununua tiketi. Shangazi alisimama akasoma jina moja moja kwa sauti, akafanya ishara ya msalaba, akasema "haya, twende tukawaone na hao waliowaleta".

Jumba kubwa la makumbusho lilifunguliwa 1910, Leopold alishakufa mwezi Desemba 1909, hakuliona likiwa kamili. Msanifu ni Mfaransa, Charles Girault, yule wa Petit Palais ya Paris. Alama ya mfalme, zile L mbili zimegeukiana, iko kila mahali ukutani, ukianza kuzihesabu utachoka. Mwaka 2013 wakafunga kwa ukarabati na wakafungua Desemba 2018, na msanifu wa ukarabati ni nani? Stéphane Beel, yule yule wa M Leuven. Sasa unaingilia kwenye banda la kioo pembeni, unashuka chini ya ardhi, unapita kwenye ukumbi mrefu mweupe wenye mtumbwi mmoja wa zaidi ya mita 22, afu ndo unaibukia kwenye jumba la zamani. Kabla hujafika juu kuna chumba wamezikusanya sanamu ambazo zamani zilikuwa zinajivunia na sasa zinaona haya, akiwemo yule Mtu Chui wa Paul Wissaert aliyevaa ngozi na makucha ya chuma, anamnyemelea mtu aliyelala. Vizazi vya watoto wa Kibelgiji wameletwa na shule kuogopeshwa na hiyo sanamu.

Swali langu la ukarabati hapa linauma. Jumba ni urithi unaolindwa kisheria, kwa hiyo huruhusiwi kuondoa sanamu za dhahabu zilizojengewa kwenye rotunda, yaani ule ukumbi wa duara, zile zinazoonyesha Ubelgiji ikiwaletea Wakongo ustaarabu. Sheria ya kulinda jengo inalinda na uongo uliomo kwenye jengo. Wakafanyaje? Wasanii Aimé Mpane na Jean Pierre Müller wakatundika vitambaa vinavyopitisha mwanga mbele ya zile sanamu, vimechapwa picha nyingine, kwa hiyo unaona sanamu kupitia picha inayoijibu. Katikati ya rotunda kuna kichwa kikubwa cha mbao cha Mpane. Na kwenye ukumbi ule wa kumbukumbu wenye majina 1508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya 1908, Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, kaandika majina ya Wakongo kwenye vioo vya dirisha mkabala, jua likitoka kivuli cha majina ya Wakongo kinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Siku yetu kulikuwa na mawingu ya huku mnayoyajua, tukanywa chai mpaka jua likapenya, tukarudi, tukaona. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kuna fundi.

Lakini shangazi alikuwa na lake. Alitaka Karema. Kama hujui, Karema iko kwetu Tanzania, ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi, siku hizi kuna bandari mpya. Kituo cha kwanza cha watu wa Leopold kwenye ziwa kilijengwa pale Karema 1879, upande wetu, sio Kongo. Kisha akaja luteni Émile Storms, akavuka ziwa na kujenga kituo kingine Mpala 1883, na Desemba 1884 watu wake wakamshambulia na kumuua mtemi wa Watabwa aitwaye Lusinga. Kichwa cha Lusinga kilikatwa na fuvu likaletwa Ubelgiji, liko kwenye taasisi ya sayansi ya viumbe pale Brussels, na sanamu yake ya mbao ya mababu iko kwenye makusanyo ya Tervuren. Vituo vyenyewe walikabidhiwa mapadri weupe 1885, ndo maana mtu wa Sumbawanga ukimwambia Karema yeye anafikiria misheni na kanisa. Shangazi kafundisha historia darasani miaka na miaka, na hakuna kitabu cha shule kilichomwambia habari za Lusinga. Alimuuliza kijana wa makumbusho kwa Kiingereza chake cha ualimu, taratibu, "and when are you sending him home?" Kijana alijibu kwa heshima tu, kwamba kuna sheria ya Julai 2022 ya urudishaji, ila ni ya serikali kwa serikali. Sanamu ya kichwa ya Storms iliyokuwa kwenye bustani moja ya Brussels imeshaondolewa, hiyo hiyo 2022. Na mi nikakumbuka zile mbao za Dirk Bouts, jinsi zilivyorudi mara mbili, ya kwanza kwa mkataba, bila mtu kuuliza Leuven kama wana chumba chenye hewa ya kiwango.

Haya, Charlotte. Nyumba yake ya Tervuren ilipoungua kaka yake alimnunulia kasri ya Bouchout, kaskazini mwa Brussels, Meise. Huyu dada alikuwa ameolewa na Maximilian wa Austria, wakaenda kuwa wafalme wa Mexico 1864, Wamexico hawakuwataka, mume akapigwa risasi 1867, na yeye akili ikamtoka. Aliishi Bouchout kuanzia 1879 hadi alipofariki Januari 1927, akizungukwa na watumishi. Vita ya Kwanza ilipofika, jeshi la Kijerumani liliombwa lipite mbali maana ni shemeji wa mfalme wa Austria, mshirika wao. Kasri imezungukwa na maji, ina minara mizuri, ndani lakini hamna vitanda wala nguo za Charlotte, usiende ukitegemea kuona hayo.

Unachoenda kuona ni bustani, hekta 92, maana serikali ilinunua eneo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuhamishia humo bustani ya mimea ya taifa iliyokuwa katikati ya Brussels. Wana mimea iliyokaushwa kwenye karatasi kama milioni nne, sehemu kubwa kutoka Afrika ya Kati, na wanafanya utafiti wa kahawa ya porini pamoja na watu wa Yangambi huko Kongo. Jina la robusta lenyewe lilisambazwa na kampuni ya mimea ya Brussels kama mwaka 1900, waliuza miche iliyotoka Kongo. Wahaya msinune, tunajua mlikuwa mnatafuna buni ya robusta Bukoba zamani kabla hata ya Ubelgiji kuwa nchi, ila kibao cha pale hakikuwataja. Shangazi alitembea kwenye nyumba za vioo zenye joto akavua koti, skafu, sweta la ndani, akakaa kwenye benchi chini ya mgomba akasema hapa sasa ndo pamekarabatiwa vizuri, tukakaa zaidi ya saa moja.

Ya vitendo kidogo kwa anayetaka kuja. Mkiwa na mpango wa kuzunguka sana kateni ile museumPASS ya mwaka, inaingia zaidi ya makumbusho 200 nchi nzima na inajirudisha haraka. Gaasbeek majira ya baridi hufungwa, angalia kwanza mtandaoni. Jumapili ya pili ya Septemba ni Open Monumentendag, majumba mengi hata ya watu binafsi yanafunguliwa bure, foleni zipo ila unaingia mahali ambapo siku nyingine ungeishia getini, mwaka huu mi nataka Diest, wana begijnhof yao. Anayetaka kuongozana anitafute tupange, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, maana Jumatatu makumbusho mengi ya huku yamefunga na tutaishia kunywa kahawa tu pale chini ya mende.